Mfalme John na Papa Innocent III

Wanafunzi wetu wengi wanamjua Mfalme John wa Uingereza kwa ajili ya Magna Carta ya mwaka 1215. Ugomvi wake na Kanisa, ulioitangulia, hatuuzungumzii sana.

Ulianza mwaka 1205 alipofariki Hubert Walter, Askofu Mkuu wa Canterbury. Baadhi ya watawa wa huko walimchagua kwa siri mwenzao, Reginald; mfalme naye alimtaka John de Gray, askofu wa Norwich. Papa aliwakataa wote wawili, akamweka Stephen Langton. John akagoma kumpokea.

Machi 1208 Papa alipiga marufuku ibada nchini kote. Hapa ndipo tunapowaona wananchi wa kawaida, ambao hakuna aliyewauliza lolote. Watoto waliendelea kubatizwa na waliokuwa wakifa waliungamishwa, lakini wafu walizikwa nje ya makaburi ya Kanisa, bila sala ya padri. Mfalme hakutikisika. Alitwaa mali za Kanisa, hata akawakamata wanawake walioishi na mapadri ili wakombolewe kwa fedha (mapadri, inaelekea, walilipa). Mwaka 1209 yeye mwenyewe alitengwa na Kanisa.

Kilichomgeuza ni Ufaransa. Mei 1213, Philip II akijiandaa kuvuka bahari, John aliukabidhi ufalme kwa Papa, akarudishiwa kwa kodi ya marki 1,000 kwa mwaka. Marufuku iliondolewa mwaka 1214. Mwaka uliofuata Papa, sasa mlinzi wa John, aliibatilisha Magna Carta. Langton, aliyekataa kuwatenga mabaroni waasi, alisimamishwa kazi.