Tarehe ya Reli ya Kati na Wanyamwezi Walioijenga

Wako wasemao reli ya kati ni kazi ya Wajerumani, na wako watu wa Dar es Salaam wanaoihesabu kuwa yao kwa sababu ilianzia kwao. Maneno hayo yamezidi. Mjerumani alileta fedha, wahandisi na vyuma. Tuta liliinuliwa na mataruma yakalazwa kwa mikono ya vibarua, na wengi wao walitoka Unyamwezi na Usukuma. Wazaramo na wengine nao walikuwamo.

Anayejua asili yetu Wanyamwezi hashangai. Kabla ya reli, pembe za ndovu zilishuka Bagamoyo mabegani mwa Wanyamwezi, na nguo na shanga zikapanda Unyanyembe, ndiyo Tabora yetu, mabegani mwao, kila mtu na frasila zake mbili, mwendo wa miezi. Wazee wanasema kijana asiyefika pwani hakuhesabiwa mwanamume. Basi ilipotafutwa nguvu ya kazi, walikuwapo watu wanaoijua njia, waliozoea kambi, na wasiodanganyika katika hesabu ya ujira.

Kazi ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, na Tabora 1912. Hapo biashara ya bara iligeuka. Mzigo mzito wa bei ndogo, kama karanga, ambao ujira wa mpagazi ungeumeza wote, sasa uliweza kufika pwani na kuacha faida. Upagazi wa njia kuu ukafa, na Bagamoyo ikadorora. Mababu zetu waliijenga njia iliyoua kazi yao wenyewe, na heshima yao haijapungua kwa hilo.

Kigoma ilifikiwa 1914. Ujiji, mji mkongwe, uliachwa kando kwa kuwa maji ya Kigoma yana kina.

Na ajabu ya reli hii ni meli. Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika maelfu ya masanduku, ikapita Tabora juu ya mabehewa, kisha ikaungwa tena Kigoma na kushushwa ziwani 1915. Mwaka uliofuata, katika vita, Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe, mitambo ikiwa imepakwa grisi isipate kutu. Waingereza waliiopoa 1924, na tangu 1927 jina lake ni Liemba. Meli nzima imepita stesheni yetu!

Turudi kwenye reli. Tawi la Mwanza lilikamilika 1928. Pamba ya Usukuma, ambayo awali ilivuka ziwa hadi Kisumu na kutokea Mombasa, ikapata njia ya kushuka Dar es Salaam. Watu nao walisafiri na habari zao: mgomo wa 1947, ulioanza kwa makuli wa bandari ya Dar es Salaam, ulipanda na reli stesheni kwa stesheni hadi huku bara. Na chama cha TANU kilipotaka kuamua juu ya kura tatu (kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu), Januari 1958, wajumbe waliitwa Tabora, zinakokutana njia za Dar es Salaam, Mwanza na Kigoma.