Unururifu katika miamba ya Usambara

Unururifu ni tabia ya viini vya atomi visivyo imara kuvunjika vyenyewe, bila kuchochewa, na kutoa mionzi. Henri Becquerel aliugundua mwaka 1896, alipokuta chumvi ya urani imeacha alama kwenye bamba la picha lililofungwa lisipate mwanga. Mionzi hiyo hasa ni ya aina tatu: alfa, inayozuiwa na karatasi, beta, inayozuiwa na bati jembamba la alumini, na gama, ipenyayo mwilini na kupunguzwa tu na risasi nene au zege.

Hakuna awezaye kutabiri kiini kipi kitavunjika leo. Vikiwa mabilioni, hata hivyo, mwendo haubadiliki: kila unapopita muda uitwao nusumaisha, nusu ya vilivyobaki huwa imevunjika.

Anayesimama kwenye jabali la Irente, karibu na mji wa Lushoto, amekanyaga saa ya namna hiyo. Miamba ya Usambara, mingi ikiwa gnaisi na granuliti zenye punje nyekundu za garneti, ina chembe ndogo za zirkoni. Zirkoni inapoumbika huipokea urani na kuikataa risasi; basi risasi inayokutwa ndani yake leo karibu yote imezaliwa na urani. Tena chembe hiyo moja ina saa mbili: urani-238, nusumaisha yake miaka bilioni 4.47, na urani-235, miaka milioni 704. Vipimo vimetoa umri wa takriban miaka milioni 640. Kwa muda huo urani-238 imepungua kwa chini ya sehemu moja ya kumi, urani-235 kwa karibu nusu. Saa mbili zenye kasi tofauti zikitoa jibu moja, shaka hupungua sana.

Huo ni umri wa jiwe kuokwa chini kabisa ya ardhi, si umri wa mlima. Usambara iliinuliwa na mipasuko ya ardhi baadaye sana.

Kiazi mviringo cha Lushoto nacho ni kinururifu. Kila gramu ya potasiamu, iwe kiazini au mwilini mwa mlaji, ina mivunjiko kama 31 kwa sekunde, kwa ajili ya potasiamu-40 iliyomo. Hapana haja ya kukiogopa: mwili hubakiza kiasi kilekile cha potasiamu, ziada ikatoka na mkojo. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania inapopima vyakula hutafuta vitu kama seziamu-137, yenye nusumaisha ya miaka 30, ambayo hutoka kwenye vinu na mabomu ya nyuklia, si kwenye udongo wa mlimani.