Moyo (neno)

Makala hii inahusu neno na maana zake. Kuhusu kiungo cha mwili tazama makala ya Moyo.

Moyo (wingi: mioyo) ni neno la Kiswahili linalotaja kiungo kinachosukuma damu mwilini, na pia mahali panaposemwa kuwa makao ya nia, ujasiri, subira, upendo na siri za mtu. Kamusi hulilinganisha na neno la Kiingereza "heart", lakini maneno hayo mawili hayalingani sawasawa. Sehemu ya kazi ya neno la Kiingereza hufanywa katika Kiswahili na roho, kiini, kifua, maini na hata kopa. Kwa upande mwingine moyo wa Kiswahili huteremka mpaka tumboni, jambo lenye uzito katika zahanati na hospitali.

Asili

Neno ni la Kibantu. Lugha nyingi za Kibantu zina maneno mawili ya zamani katika eneo hili la maana, moja la jamii ya "moyo" na jingine la jamii ya "mtima". Katika Kiganda omutima ni moyo, na omwoyo ni roho. Katika Kichewa cha Malawi mtima ni moyo, na moyo ni uhai. Kiswahili kimefuata njia yake: "moyo" ndilo jina la kiungo, "mtima" limebaki hasa katika ushairi, na uhai una neno lenye asili ya Kiarabu, roho.

Moyo na roho

Mpaka kati ya maneno haya mawili ndio unaowasumbua zaidi wafasiri. Roho ni uhai: aliyekata roho amefariki. Aliyekufa moyo yu hai, ila amekata tamaa. Vivyo hivyo "kuvunjika moyo" kwa asili ni kupoteza ari, kwa mfano mkulima ambaye mvua imemtupa miaka miwili mfululizo. Matumizi ya "kuvunjwa moyo" kwa maana ya kuachwa na mpenzi yapo leo, hasa katika nyimbo na filamu, lakini anayefasiri maandishi ya zamani asiyachukulie hivyo.

Tabia ya mtu hutajwa mara nyingi kwa roho: ana roho nzuri, ana roho mbaya, ana roho ya kwa nini (yaani kijicho). Nia na uwezo wa kustahimili hutajwa kwa moyo: kutia moyo, kupiga moyo konde, kwa moyo mmoja, moyo wa kujitolea. Mpaka huo hauna ukuta. "Moyo mzuri" husikika pia, na methali mbili zinazokaribiana zinagawana maneno: "Kipendacho moyo ni dawa" na "Kipenda roho hula nyama mbichi". Hata hivyo katika methali "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri" hakuna anayeweka roho.

Tofauti hiyo husikika wazi katika maeneo ya machimbo. Mwadui, katika wilaya ya Kishapu mkoani Shinyanga, kuna mgodi wa almasi ulioanzia ugunduzi wa mjiolojia Mkanada John Williamson mwaka 1940. Upande wa magharibi, mkoani Geita, ni nchi ya dhahabu, yenye migodi mikubwa na maduara ya wachimbaji wadogo. Kusema kwamba kazi ya duarani "inataka moyo" ni kusifu ujasiri na subira ya anayeifanya. Kusema kwamba anaifanya "roho mkononi" ni kutaja hatari ya kufukiwa. Sentensi ya kwanza inaweza kusemwa juu ya mwalimu au muuguzi. Ya pili haisemwi ila pale ambapo mtu anaweza kufa.

Machimbo hukusanya watu wa lugha nyingi, na Kiswahili ndicho wanachokutania. Muha kutoka Kigoma huita moyo umutima, na Mhaya wa Kagera omutima. Kwa hiyo hata pale ambapo wote wanasema Kiswahili, si wote waliolelewa na mgawanyo uleule wa moyo na roho.

Moyo kwa mganga

Anayesema "moyo unanichafuka" hana ugonjwa wa moyo, anasikia kichefuchefu. "Chembe ya moyo" (au chembe cha moyo) si sehemu ya moyo bali ni mahali pa juu ya tumbo, chini kidogo ya mfupa wa kidari. Mwenye vidonda vya tumbo mara nyingi hulalamikia hapo. "Kiherehere cha moyo" ni wasiwasi, ingawa mapigo yanaweza kwenda mbio kwelikweli. Kiingereza nacho kina mtego wa namna hiyo: jina lake la kiungulia limeundwa kwa maneno ya moyo na kuungua, ilhali chanzo chake ni asidi ya tumboni.

Mhudumu wa afya aliyesomea Kiswahili ukubwani anaweza kuandika "maumivu ya moyo" pale ambapo mgonjwa ametaja chembe ya moyo. Kosa la kinyume ni baya zaidi. Shambulio la moyo lenyewe, likiwa kwenye sehemu ya chini ya moyo, huweza kuanza kwa maumivu ya chembe na kichefuchefu, na mgonjwa akapewa dawa ya tumbo na kurudishwa nyumbani. Njia rahisi ni kumwomba mgonjwa aonyeshe kwa mkono panapouma, na kumwuliza kama maumivu yanapanda shingoni au mkononi, kama anatoka jasho, na kama yanazidi anapofanya kazi. Neno peke yake halitoshi kuamua.

Pale ambapo moyo hautumiki

Kiini cha jambo hakiitwi moyo wake kwa Kiswahili cha kawaida, wala kiini cha mti. "Moyo wa jiji" ni tafsiri ya maneno ya kigeni iliyoenea magazetini. Asiyetunza siri "hana kifua". Maneno machungu "hukata maini". Kujua andiko bila kutazama kitabu ni kulijua kwa moyo, lakini pia kwa ghibu, na siku hizi watu husema zaidi kukariri au kuhifadhi.

Umbo la moyo linalochorwa kwenye kadi na simu huitwa kopa, kutoka karata. Neno ni la Kireno na maana yake ya kwanza ni vikombe, kwa kuwa karata za zamani za Wareno na Wahispania zilichorwa vikombe pale ambapo Wafaransa walichora mioyo. Ndiyo maana mapambo ya Siku ya Wapendanao huitwa makopakopa. Karata ambayo Waingereza huiita almasi Waswahili huiita uru, nayo imetoka katika neno la Kireno la dhahabu: karata moja, Mwadui na Geita pamoja.