Miisho Miwili ya Anna

Riwaya ya Leo Tolstoy, Anna Karenina, ilianza kutoka kidogo kidogo katika jarida moja la Urusi mwaka 1875. Anna anamwacha mume na mtoto kwa ajili ya Vronsky, ofisa wa jeshi. Watu wa tabaka lake wanamtenga, na mwishowe anajitupa chini ya treni.

Mwaka 1927 kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer ya Marekani ilitoa filamu bubu kutokana na riwaya hiyo, ikiongozwa na Edmund Goulding. Greta Garbo alikuwa Anna, John Gilbert alikuwa Vronsky. Filamu ilipewa jina la Love, na ikatengenezewa miisho miwili. Katika mmoja, treni ipo. Katika wa pili, mume anafariki, na baada ya miaka mitatu wapenzi wanakutana tena katika shule ya kijeshi anakosoma mtoto wa Anna. Wenye majumba ya sinema huko Marekani waliweza kuchagua mwisho wautakao.

Niliposoma habari hiyo nilicheka. Kisha nikanyamaza, maana nyumbani kwetu nasi tulikuwa na miisho miwili.

Shangazi yangu alimwacha mumewe nilipokuwa bado mdogo. Sisi watoto tuliambiwa kwamba yuko mbali, ana duka, na hajambo. Nilikwisha kuwa mtu mzima ndipo mama aliponieleza kwamba shangazi alifariki mwaka uleule alioondoka, na kwamba hakuna hata mmoja wa ukoo wetu aliyekwenda mazikoni.

Wazee wetu hawakuwa watu wabaya, na yawezekana walitaka tulale usingizi. Lakini ukiiondoa treni ya Anna, umewaondolea lawama wote waliomfungia milango. Katika ule mwisho wa furaha hakuna anayeulizwa neno. Mume amekufa, basi, mambo yamekwisha. Nasi kwa miaka mingi tuliwaamkia wazee kwa heshima zote, wala hatukuwauliza kitu.

Mwaka 1935 Garbo alimwigiza Anna tena, safari hii katika filamu ya sauti iliyoongozwa na Clarence Brown, na treni ikarudi. Niliitazama kwenye kanda ya video pamoja na mama. Ilipokwisha alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza, "Mwanangu, huyu alizikwa na nani?"

Nikamwambia filamu haionyeshi.