Kununua Nyumba Ili Kuiuza: Marekani, Japani na Lamu

Anayenunua nyumba kuukuu, akaikarabati na kuiuza kwa faida, hufanya kazi ile ile popote alipo. Kinachotofautiana ni mahali hasara inapojificha. Nikizilinganisha mila tatu za biashara hii, ya Marekani, ya Japani na ya mji wa kale wa Lamu, naiona hoja moja: mnunuzi mwenye busara huanza uchunguzi pale ambapo wenyeji wamezoea kuumia.

Marekani watu huumia kwenye hesabu. Dosari za umiliki zina bima yake, kwa hiyo wenye kazi hii hushika kalamu kwanza. Kanuni yao maarufu ni ya asilimia 70: kadiria bei ambayo nyumba itauzwa ikishatengenezwa, chukua asilimia 70 yake, kisha toa gharama za matengenezo. Nyumba itakayouzwa dola 300,000, na inayohitaji matengenezo ya dola 40,000, isinunuliwe zaidi ya dola 170,000. Asilimia 30 iliyoachwa si faida tupu. Humo hutoka riba ya mkopo, kodi, ada ya dalali na gharama za miezi ambayo nyumba inasubiri mteja. Kampuni ya Zillow, iliyonunua nyumba kwa kutegemea makadirio ya kompyuta, ilitangaza Novemba 2021 kuwa inaachana na biashara hiyo, baada ya kukuta imenunua nyingi kwa bei kubwa kuliko ile iliyotarajia kuziuzia. Takwimu zote ilikuwa nazo, ikakwama kwenye bei ya kununulia.

Hesabu hiyo hiyo ikipelekwa Japani itapotosha, kwa kuwa huko jengo hushuka thamani mwaka hadi mwaka. Kwa mahesabu ya kodi, nyumba ya mbao ya kuishi hupewa umri wa miaka 22, na soko nalo hufuata fikra hiyo: nyumba ikizeeka, kinachobaki na bei ni kiwanja. Utafiti wa makazi wa serikali wa mwaka 2023 ulikuta nyumba tupu takriban milioni 9. Mgeni huona nyumba ya bei ya kutupa akadhani ameokota dhahabu. Mwenyeji huuliza kwanza kama ilijengwa kabla au baada ya Juni 1981, kanuni za kuhimili tetemeko zilipokazwa. Tena kampuni ya nyumba inayomuuzia mtu wa kawaida haiwezi kupunguza muda wa dhamana ya kasoro chini ya miaka 2. Si rahisi kupaka rangi juu ya ufa na kutokomea.

Lamu, mji ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, ina somo lake. Ingia katika nyumba ya zamani: daka mlangoni, kuta nene za mawe ya matumbawe, zidaka zilizopangwa ukutani, na vyumba virefu lakini vyembamba, kwa sababu boriti za mkoko hazibebi upana mkubwa. Fundi anayezijua nyumba hizi hutumia chokaa. Saruji hufungia unyevu ndani ya mawe, na baada ya muda plasta huvimba na kubanduka. Anayeharakisha kazi kwa saruji humuuzia mwenzake maradhi.

Hata hivyo, hasara kubwa zaidi imo katika mirathi. Nyumba moja huwa na warithi wengi, kila mtu na fungu lake: huyu yuko Mombasa, yule Muscat, mwingine hajulikani alipo. Anayepokea fedha si lazima awe mwenye haki ya kuuza. Nyumba ya wakfu kwa asili yake si ya kuuzwa, na sheria ya Kenya inataka ridhaa ya mume au mke kabla ya nyumba ya ndoa kuuzwa. Fiqhi nayo humpa mshirika katika mali nafasi ya kutangulia kununua kabla ya mtu wa nje, na humruhusu mnunuzi kurudisha kitu akikuta kasoro iliyofichwa. Mila hii inajua kuuliza watu.

Upungufu wetu uko kwenye daftari. Wengi hununua nyumba kwa sababu dalali amesema ni ya bei nafuu, bila kuandika ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4, wala kodi ya faida ya mtaji, iliyopanda Kenya kutoka asilimia 5 hadi 15 mwaka 2023. Wahenga walionya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo hukumu yangu ni kuziunganisha hekima hizi kwa mpangilio. Kwetu pwani, hati na warithi viwe vya kwanza, kwa kupekua rejista ya ardhi na kuwasikiliza majirani. Wa pili awe fundi anayejua umri na maumbile ya jengo. Kisha fanya hesabu, na ikikataa, nyumba hiyo iache hata kama umeipenda. Arubuni ije mwisho, warithi wote wakishatia saini. Usiitoe kabla ya hapo, dalali akusukume vipi.