Alama ndogo kwenye kioo cha miwani ya kazi

Luena ni mji wa makaa ya mawe na reli. Njia ya treni ilipita hapa ikafika Bukama mwaka 1918, na tangu hapo nyundo na cheche hazikukosekana.

Kanuni za kukinga macho zilikuja polepole. Marekani ilitoa Z87.1 mwaka 1968. Mwaka 2003 ikaongeza alama Z87+ kwa kioo kinachostahimili pigo kali. Katika kanuni ya Ulaya, EN 166, herufi F yaonyesha kioo kilistahimili kigololi cha chuma chenye mwendo wa mita 45 kwa sekunde. B, mita 120.

Familia zilizokimbia vita, zinazoanza upya kwa kuvunja mawe ao kuunganisha vyuma, zisidanganywe na kioo cheusi: rangi si nguvu. Mbele ya kununua, tafuta alama.