Ukili na Kompyuta

Kabla jina la kompyuta halijasikika katika pwani ya Tanga na Pangani, hesabu ilikuwa imekwisha kukaa vidoleni. Msusi wa mkeka huvuna majani machanga ya mkindu, huyaanika juani, huyachana miyaa, na mingine huitia rangi. Kisha husuka ukili, yaani ukanda mrefu mwembamba, na kanda hizo hushonwa ubavu kwa ubavu hata mkeka ukamilike. Idadi ya miyaa ndiyo iamuayo upana wa ukili, na mpishano wa rangi ndio uletao nakshi. Akikosea mwaa mmoja, nakshi huvunjika, naye hana budi kufumua. Kanuni zote hizo hazikuandikwa. Binti huzipokea kwa mamaye kwa kutazama na kutenda.

Ulaya nako mfumi wa nguo alitegemea kumbukumbu, hata kanuni zake zilipotolewa kichwani zikatiwa katika kadi. Mwaka 1804, huko Ufaransa, Joseph-Marie Jacquard alitengeneza kitanda cha mfumi kilichoongozwa na kadi zilizotobolewa: tundu liliamuru uzi wa mtande uinuliwe, na pasipo tundu uzi ulibaki chini. Katika miaka ya 1830 Charles Babbage wa Uingereza alikusudia kutumia kadi za namna hiyo katika mashine ya kuhesabu, ambayo hakuimaliza. Mwaka 1890 kadi za Herman Hollerith zilihesabu sensa ya Marekani. Basi nasaba ya kompyuta yapita katika nyumba ya mfumi.

Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo, na miaka mingi ilipita kabla hazijaingia majumbani. Leo mwenye kompyuta nyumbani aweza kuchora miraba, kila mraba ukawa pito la mwaa, akajaribu rangi kumi bila ya kuharibu hata jani moja. Lakini mchoro huo huo hupelekwa kiwandani kwa urahisi, na mikeka ya plastiki iliyofumwa kwa mashine imekwisha kuenea madukani. Nakshi husafiri, aliyeibuni hasafiri nayo.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 imeweka ulinzi wa sanaa za jadi. Hata hivyo, ni vigumu kutetea kitu ambacho hakikuandikwa popote. Hapa ndipo kompyuta ya nyumbani iwezapo kufaa kuliko katika uchoraji: kuandika jina la nakshi, mahali iliposukwa, hesabu ya miyaa yake, na, kwa ridhaa yake, jina la msusi. Daftari hilo halitamfundisha mtoto kukaza ukili. Kazi hiyo yabaki kwa mama na ukindu wake. Ila litamwezesha mtoto huyo, siku ya kudai, kuonyesha kwamba nakshi ina wenyewe.